Safu ya Tatu: Uhakiki wa Ufundishaji wa Picha na Pembe za Kamera kwa Waongozaji Chipukizi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna picha na pembe za msingi za kamera zinavyofundishwa kwa vijana wanaoanza kutengeneza filamu. Hoja kuu ni kwamba jedwali linalotumika sana katika mafunzo hayo huchanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, yaani umbo la picha na maana ya picha. Kwa kutumia mifano ya filamu za Orson Welles, Carl Theodor Dreyer, Abbas Kiarostami na Yasujiro Ozu, pamoja na historia ya filamu za kikoloni barani Afrika, makala yanaonesha kwamba pembe moja haibebi maana moja, na kwamba kanuni inayodai hivyo huwa imekwisha kumdhania mtazamaji na mtu anayepigwa picha. Mwishoni yanapendekezwa mazoezi na aina ya maswali ya mtihani yanayoweza kuchukua nafasi ya sehemu ya jedwali hilo yenye kasoro.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo huanza na arudhi. Hufundishwa kuhesabu mizani, kutambua vina vya kati na vya mwisho, kutofautisha ukwapi na utao, na kujua kwamba tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti. Hakuna mwalimu makini anayemwambia mwanafunzi huyo kwamba kina fulani huleta huzuni na kina kingine huleta furaha. Umbo hufundishwa kama umbo. Maana hutafutwa baadaye, ndani ya shairi zima, kwa kuzingatia nani anasema, anamwambia nani na katika hali gani.

Mwanafunzi wa filamu hana bahati hiyo. Katika vitabu vingi vya mwongozo na katika warsha nyingi za vijana, somo la kwanza la kamera hutolewa kwa jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza ina majina: picha ya mbali, picha ya kati, picha ya karibu, pembe ya usawa wa macho, pembe ya kutoka juu, pembe ya kutoka chini. Safu ya pili hueleza kamera inawekwa wapi na nini kinaonekana ndani ya fremu. Safu ya tatu hutaja maana: picha ya mbali huonesha mazingira, picha ya karibu huonesha hisia, pembe ya kutoka juu humfanya mhusika aonekane mnyonge, na pembe ya kutoka chini humfanya aonekane mwenye nguvu.

Makala haya hayana ugomvi na safu mbili za mwanzo. Mwongozaji asiyejua kuita picha zake kwa majina hawezi kuelewana na mpiga picha wake, wala mhariri hawezi kumweleza ni picha gani imekosekana. Kinachohakikiwa hapa ni safu ya tatu. Inadaiwa kwamba safu hiyo si sahihi kama maelezo ya namna filamu zinavyofanya kazi, kwamba ina historia isiyopaswa kusahauliwa katika bara letu, na kwamba huwazoeza vijana kuwatazama watu wao wenyewe kwa jicho ambalo hawakulichagua.

2.0 Ushahidi wa Filamu Zenyewe

Njia ya haki ya kuipima kanuni ni kuipeleka kwenye kazi zinazokubalika kuwa ni za ufundi wa hali ya juu, kisha kuangalia kama inasimama. Tuanze na pembe ya kutoka chini. Filamu ya Citizen Kane (1941), iliyoongozwa na Orson Welles na kupigwa picha na Gregg Toland, hutajwa mara nyingi kama mfano wa pembe hiyo. Hata hivyo, onesho ambamo pembe hiyo imetumika kwa ukali zaidi ni lile linalofuata kushindwa kwa Kane katika uchaguzi wa ugavana. Kane amebaki ofisini pamoja na rafiki yake Leland, ambaye amelewa na amekwisha kumchoka. Kamera imewekwa chini kiasi kwamba sakafu ya seti ilitobolewa ili lenzi ifike pale ilipotakiwa. Kane anaonekana mrefu kama mnara, na dari iko karibu kumgusa kichwa.

Kwa mujibu wa safu ya tatu, huyu ni mtu mwenye nguvu. Kwa mujibu wa hadithi, ni mtu aliyepoteza uchaguzi, heshima na ndoa, na sasa anampoteza rafiki. Pembe haitamki nguvu wala udhaifu. Kinachofanya kazi ni mvutano baina ya ukubwa wa umbo lake na udogo wa hali yake. Mtazamaji huona mtu mkubwa asiye na pa kwenda, aliyefungiwa na dari ya ofisi yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyekariri safu ya tatu atalazimika kusema ama kwamba Welles alikosea, ama kwamba Kane bado ana nguvu. Majibu yote mawili yanaharibu filamu.

Picha ya karibu nayo haina hali tofauti. Katika La Passion de Jeanne d'Arc (1928), Carl Theodor Dreyer aliijenga kesi nzima ya msichana huyo kwa nyuso. Uso wa Renée Falconetti, anayeigiza kama Jeanne, unapoijaza fremu, tunaingia katika mateso yake, na hapo jedwali linaonekana kuwa sahihi. Lakini mahakimu nao wamepigwa kwa karibu, bila vipodozi, kila kunyanzi na kila kidoa kikionekana. Hatuingii katika hisia zao, tunasukumwa nazo. Ukaribu uleule ni huruma upande mmoja na ni kubanwa upande wa pili. Aidha, ingawa Dreyer alijengewa seti kubwa na ya gharama, picha zinazoonesha mahali ni chache sana, kiasi kwamba mtazamaji hana uhakika nani ameketi wapi. Nguvu ya nyuso hizo inatokana kwa sehemu kubwa na picha za mbali ambazo hazikuwekwa. Jedwali linaloorodhesha picha moja moja haliwezi kueleza athari ya picha isiyokuwapo.

Mfano wa tatu unahusu picha ya mbali, na unawafaa vijana kwa sababu mhusika mkuu ni mtoto. Katika filamu ya Abbas Kiarostami ya mwaka 1987 ambayo jina lake ni swali, nyumba ya rafiki yangu iko wapi, mtoto aitwaye Ahmad amechukua kwa bahati mbaya daftari la mwenzake. Mwalimu ameonya kwamba mwenzake huyo asipoandika kazi yake katika daftari atafukuzwa shule. Ahmad anatoroka kwenda kijiji cha jirani kulirudisha. Kiarostami anampiga akipanda kilima kwa njia yenye kona nyingi, akiwa kitu kidogo kinachokimbia katika mandhari pana. Safu ya tatu ingesema tunaoneshwa mazingira. Kwa hakika tunaoneshwa dhamiri ya mtoto: udogo wake mbele ya kilima ndio kipimo cha ukubwa wa alichoamua kufanya. Picha ya karibu ya uso wake wakati huo ingetuonesha jasho tu.

Mifano hii mitatu haithibitishi kwamba maana hubadilika ovyo. Inathibitisha kwamba maana ya picha hukaa katika uhusiano: baina ya picha na tukio, baina ya picha na ile iliyotangulia, na baina ya picha na ile ambayo mwongozaji amekataa kuipiga. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaijua kanuni hii kutokana na methali. Haraka haraka haina baraka ni wosia kinywani mwa bibi anayemfunza mjukuu, na ni kisingizio kinywani mwa fundi aliyechelewesha kazi ya watu. Maneno hayakubadilika. Aliyebadilika ni msemaji, msemewa na wakati.

3.0 Kanuni Iliyomdhania Mtazamaji

Huenda ikasemwa kwamba safu ya tatu ni kosa dogo la kifundishaji lisilodhuru mtu. Historia ya filamu katika Afrika Mashariki inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya watazamaji Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, iliyoongozwa na William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya jamii nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu iliyopigwa kwa mtindo wa kawaida. Hivyo aliweka masharti: picha zikae muda mrefu, kamera isitembetembe, mbinu za hila ziepukwe, na kusiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali bila kumwandaa mtazamaji.

Kisa kilichosimuliwa mara nyingi kuunga mkono imani hiyo kinahusu picha ya karibu. Inasemwa kwamba wanakijiji walioneshwa mbu aliyekuzwa hadi kujaza kiwambo, nao wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Wasimulizi walikichukua kisa hicho kama ushahidi wa akili isiyoielewa picha. Hawakufikiria kwamba huenda watazamaji walikuwa wanafanya mzaha, au wanakataa kwa adabu somo lisilowahusu, au wanasema kweli tupu kuhusu mbu wa kwao. Maana ya picha ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mwenye kamera. Mtazamaji aliyesoma vingine alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani.

Ifahamike kwamba masharti ya Sellers na safu ya tatu ya leo si kitu kimoja. Yale yalikataza, hii inaagiza. Yale yalimdharau mtazamaji kwa uwazi, hii haimtaji kabisa. Hata hivyo, yote mawili yanakutana katika jambo moja la msingi, nalo ni kudhani kwamba maana iko ndani ya picha na kwamba kazi ya mtazamaji ni kuipokea. Colonial Film Unit ilipofungua mafunzo ya filamu mjini Accra mwaka 1948, vijana wa Gold Coast na Nigeria walifundishwa ufundi wa kamera ndani ya mfumo ambao tayari ulikuwa na jibu kuhusu watu wao wanaweza kuona nini. Mwalimu wa leo anayempa kijana jibu kabla ya swali, hata kwa nia njema, anarithi sehemu ya mfumo huo bila kujua.

4.0 Mkeka, Anga na Simu

Kasoro ya safu ya tatu huonekana wazi zaidi kijana anapotoka darasani na kamera yake. Mambo matatu yanatosha kulithibitisha hili.

La kwanza ni kuchanganya kimo cha kamera na pembe ya kamera. Kimo ni umbali wa kamera kutoka ardhini. Pembe ni mwelekeo ambao lenzi imeinamishwa au kuinuliwa. Fikiria bibi aliyeketi juu ya mkeka akichambua mchele, na kijana aliyesimama akimpiga picha. Kijana akiishika kamera usawa wa macho yake mwenyewe, pembe itakuwa ya kutoka juu. Jedwali litasema bibi ni mnyonge. Katika nyumba hiyo, hata hivyo, bibi huenda ndiye mwenye kauli ya mwisho, na wajukuu wakija kumwamkia huchuchumaa. Pembe ile haikutokana na hadhi ya bibi. Ilitokana na uvivu wa magoti ya mpiga picha. Yasujiro Ozu alilijua jambo hili katika mazingira ya Japani, ambako watu huketi juu ya majamvi. Katika Tokyo Story (1953), inayowahusu wazazi wazee wanaowatembelea watoto wao mjini, kamera hukaa chini karibu na usawa wa aliyeketi, lakini lenzi hutazama mbele bila kuinuliwa sana. Kimo ni cha chini, ilhali pembe ni ya usawa. Wazee hawafanywi wanyonge wala majitu. Tunaketi nao.

La pili ni mwanga. Jedwali humwambia kijana ampige shujaa wake kutoka chini. Mchana, nje, katika nchi zetu, kamera ikiinuliwa hivyo anga jeupe huingia nyuma ya kichwa cha mhusika. Simu inayojipimia mwanga yenyewe huona weupe mwingi, hupunguza mwanga unaoingia, na uso wa mhusika, hasa wenye ngozi nyeusi, hugeuka kivuli kisicho na macho. Kijana alikusudia nguvu akapata mtu asiyetambulika. Mwalimu anayefundisha maana ya pembe bila kufundisha kupima mwanga usoni, kumgeuza mhusika kuelekea jua, au kurudisha mwanga kwa shuka jeupe, amefundisha nusu ya somo, na ni ile nusu isiyo na faida.

La tatu ni umbali. Picha ya karibu inaweza kupatikana kwa kusogeza kamera karibu au kwa kutumia lenzi inayovuta kutoka mbali. Safu ya tatu huziita zote picha ya karibu na kuzipa maana moja. Lakini sura ya uso hutegemea umbali baina yake na kamera. Lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu mno, pua hukua na masikio hurudi nyuma; akipigwa kwa mbali kidogo na kuvutwa, mtu huyohuyo hupata uso wake wa kawaida. Aidha, kamera iliyo karibu huonekana na mhusika, humtia haya au humfanya aigize. Ukaribu ni tendo baina ya watu wawili kabla haujawa aina ya picha.

Katika mambo yote matatu, walioathirika zaidi ni walewale: watoto, wazee, wagonjwa, na watu walioketi chini kwa kazi au kwa desturi. Hao ndio wanaopigwa kutoka juu na mtu aliyesimama. Safu ya tatu inapomwambia kijana kwamba pembe hiyo ni ya wanyonge, humfundisha kuliona kosa la kimo kuwa ni ukweli wa kijamii. Hapo ndipo suala linapovuka mipaka ya ufundi na kuwa la kimaadili.

5.0 Kufundisha bila Safu ya Tatu

Pingamizi la msingi dhidi ya hoja hii ni la kweli na linastahili jibu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi, kamera moja na siku chache anahitaji kitu chepesi cha kushika. Jedwali ni jepesi, hukaririka na husahihishika. Ukiondoa safu ya tatu, utaweka nini?

Jibu linaweza kutafutwa kwa mwalimu aliyefanya kazi katika uhaba mkubwa zaidi. Lev Kuleshov, aliyefundisha filamu Moscow baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, alikosa hata mkanda wa kupigia picha. Wanafunzi wake waliigiza mbele ya wenzao filamu zisizo na filamu, wakipanga matukio kana kwamba kila kipande ni picha. Kuleshov ndiye pia anayehusishwa na jaribio maarufu ambamo uso uleule wa mwigizaji uliunganishwa na vitu tofauti, kama vile bakuli la supu na jeneza, na watazamaji wakasemekana kuona hisia tofauti katika uso ambao haukubadilika. Mkanda wa jaribio hilo haukuhifadhiwa, lakini funzo lake limebaki: picha husomwa kwa jirani yake.

Kwa msingi huo, yanapendekezwa mazoezi matatu yasiyohitaji vifaa vingi. Zoezi la kwanza ni la fremu ya boksi. Kila mwanafunzi hukata dirisha katika kipande cha boksi na kulitazama tukio moja dogo, kwa mfano mama akimpa mtoto fedha za kwenda dukani. Hulitazama akiwa amesimama, amechuchumaa na amelala kifudifudi, kisha huandika nini kimeingia, nini kimetoka, na nani amekuwa mkubwa kuliko nani. Hatakiwi kuandika maana.

Zoezi la pili ni la watazamaji wasioambiwa. Tukio lilelile hupigwa kwa njia mbili na kuoneshwa kwa watu wa mtaani ambao hawajafundishwa chochote. Mwanafunzi huwauliza wameona nini, naye huandika majibu bila kuyasahihisha. Mtu akisema mbu wa kwao si wakubwa hivyo, jibu hilo linaandikwa na kujadiliwa kama usomaji halali.

Zoezi la tatu ni la kubadili jirani. Picha moja ya karibu huwekwa baada ya picha tatu tofauti, na darasa hujadili kilichobadilika. Baada ya mazoezi haya, mwanafunzi huijaza safu ya tatu mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, kwa ajili ya filamu moja tu anayoitengeneza. Filamu ikiisha, huifuta.

Mtihani nao hauna budi kubadilika, kwa kuwa mwanafunzi hufuata swali analolitarajia. Swali la "taja maana ya pembe ya kutoka chini" hupima kumbukumbu. Badala yake yanaweza kuulizwa maswali ya namna hii: "Baba anamwambia bintiye kwamba amefukuzwa kazi. Eleza ungeiweka kamera wapi, na ni kitu gani kingepotea kama ungeiweka kwingine." Wapo watakaosema swali hilo halina jibu moja na hivyo haliwezi kusahihishwa. Watahini wa fasihi, hata hivyo, husahihisha maswali ya uhakiki kila mwaka. Hawamtafuti mwanafunzi aliyefikia tafsiri yao. Hutafuta hoja iliyosimama juu ya ushahidi wa matini. Katika filamu ushahidi huo upo wazi: kimo, pembe, umbali, mwanga, picha iliyotangulia na picha inayofuata.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kwamba picha na pembe za msingi ni arudhi ya filamu, na zinapaswa kufundishwa kwa umakini uleule ambao mwalimu wa ushairi hutumia kufundisha vina na mizani. Majina yake yafundishwe, mikao yake izoeshwe, athari zake za kimwili, yaani kinachoonekana na kisichoonekana, zichunguzwe kwa vipimo. Maana isigawiwe mapema. Filamu za Welles, Dreyer, Kiarostami na Ozu zimeonesha kwamba maana hiyo hujengwa upya katika kila kazi, na historia ya filamu za kikoloni imeonesha gharama ya kuiamua kwa niaba ya wengine.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu istilahi za Kiswahili za kamera, ambazo bado hutofautiana kutoka darasa moja hadi jingine, na kuhusu namna watazamaji wa mijini na vijijini wanavyozisoma pembe hizo leo. Wakati utafiti huo ukisubiriwa, hatua ya kwanza iko ndani ya uwezo wa kila mwalimu: kabla ya kijana kuulizwa pembe fulani ina maana gani, aulizwe kwanza amesimama wapi, na kwa nini hakuketi.